Dumu la Maji Nyuma ya Kiti



Je, kuna ubaya gani kulivumilia kosa dogo? Methali ya ufa na ukuta twaijua sote tangu utoto. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kutambua mahali uvumilivu unapokoma ni jambo jingine. Gari la kanisa letu limetufundisha hivyo.

Gari lenyewe ni Land Rover ya Series III, aina iliyotengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985, yenye injini ya petroli ya silinda 4. Ni mzee, tena mzee mwaminifu. Baada ya Pasaka dereva alitueleza kwamba maji ya rejeta yanapungua, kiasi cha kikombe kwa siku. Mipira ilikuwa mizima, na rejeta ilikuwa kavu. Tukatazama hazina, tukamjibu: "Ongeza maji." Akatafuta dumu la lita 5, akaliweka nyuma ya kiti. Alitueleza tena mara mbili, nasi tukamjibu vile vile, tukijihesabu kuwa watu wavumilivu.

Usiku mmoja wa Juni gari lilikuwa likipanda barabara ya Mombo kwenda Lushoto, limebeba mtoto mgonjwa na wazazi wake. Lushoto ipo mita 1,400 hivi juu ya bahari, na mahali palipoinuka hivyo maji ya sufuria huchemka karibu na nyuzi 95, hayangoji 100. Kifuniko cha rejeta hubana kwa sababu hiyo: msukumo ulio ndani huyazuia maji yasichemke mapema. Penye tundu, hata dogo, msukumo hutoka pamoja na maji. Kabla ya kufika Soni injini ikachemsha. Dereva hakuthubutu kufungua kifuniko mpaka ipoe, maana maji yangemwunguza uso. Mama alikaa kando ya barabara na mtoto mapajani muda wa saa mbili, mpaka lori likapita, likawachukua. Mtoto alipona, twamshukuru Mungu. Lakini kupona kwake hakutuondolei hatia.

Kikaoni tulimwuliza dereva, "Mbona hukuongeza maji?" Akajibu kwa upole, "Wazee wangu, niliongeza. Naongeza tangu Pasaka."

Fundi alituonyesha chanzo. Ubavuni mwa injini ya namna hii kuna vizibo vya bati, vya mviringo, vinavyofunika matundu yaliyoachwa chuma kilipomiminwa kiwandani. Kimoja kilikuwa kimeliwa na kutu. Tundu lake lilikuwa kama ncha ya sindano. Injini ikiwa baridi halikutoa kitu, ikipata moto ndipo lilipolia. Kazi ya kutengeneza ilikwisha asubuhi moja: kumwaga maji, kung'oa kizibo, kusugua mahali pake mpaka chuma king'ae, kupaka gundi ya gasketi, na kugonga kizibo kipya taratibu hadi kikae sawasawa. Kisha akajaza maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, akasema neno lililotuchoma. Kizibo huliwa kutoka ndani, na maji mapya ya kila siku huleta hewa mpya na chumvi mpya, navyo hulisha kutu. Yaani maji tuliyoagiza yaongezwe, ili tusigharimie matengenezo, ndiyo yaliyozidi kulipanua tundu.

Mtu aweza kutupinga: fedha hazitoshi kila kitu, na gari la miaka zaidi ya 40 haliwezi kusimamishwa kwa kila tone. Ni kweli. Kuongeza maji njiani ili ufike nyumbani ni busara. Basi mpaka uko wapi? Twaona uko katika maswali mawili. Je, siku ya kutengeneza imewekwa? Na je, nani anaubeba mzigo mpaka siku hiyo ifike? Sisi tulioamua kuvumilia hatukubeba hata tone moja. Dumu alilibeba dereva, na kando ya barabara alikaa mama. Uvumilivu unaotumia mgongo wa mtu mwingine hauna haki ya kuitwa kwa jina hilo.

Katika maungamo hatutaji tuliyoyatenda tu, bali na tuliyoacha kuyatenda. Sehemu hiyo ya pili twaipita upesi, maana mara nyingi hatuoni uso wa yeyote ndani yake. Sasa sisi twauona.

Ndugu, katika kila nyumba, kila shule na kila halmashauri yupo mtu aliyebeba dumu nyuma ya kiti, anayeongeza maji kimya kimya ili mambo yaende. Huenda alikwisha kutueleza mara tatu. Yatupasa tumsikilize kabla ya kuanza mlima.