Mafuta Yamo Chupani, Harufu Iko Wapi?

Mwanamke anayeingia dukani kwangu, hapa Mji Mkongwe, huja kutafuta harufu na huondoka na mafuta. Wengi hawaoni kama hivyo ni vitu viwili. Mimi nalazimika kuona, kwa sababu nimelelewa na baba aliyeogopa kupunja watu kuliko alivyoogopa kufilisika, na kila nikifunga hesabu za jioni swali lake hunirudia: pesa hizi, umeuza nini?

Chukua mafuta yangu yanayotoka sana. Msingi wake ni sandali ya Bara Hindi. Juu yake kuna waridi na asumini, na langilangi kidogo tu, maana ikizidi huumiza kichwa. Nayauza kwa tola, kipimo cha Wahindi ambacho wauza uturi hatujakiacha. Tola moja ni karibu gramu 12, na wateja wengi huchukua robo. Ukinusa kile kijiti cha kioo kilichoshikana na kifuniko, kinachokupokea ni maua. Ukijipaka mkononi, asumini hutangulia, waridi hufuata, na baada ya saa moja hivi maua hupungua, mti ukabaki. Sababu yake si siri: chembe nyingi za maua ni nyepesi na huruka upesi, za sandali ni nzito na hung'ang'ania ngozi mpaka usiku. Basi hata mkono mmoja, kwa chupa moja, hautoi harufu moja siku nzima.

Sasa tia watu wawili. Mteja wangu mmoja aliyanunua mafuta haya kabla ya Idi. Wifi yake akamnusa kwenye shughuli ya harusi, akayapenda, akaja kutaka yaleyale. Nikamtilia kutoka chupa ileile kubwa. Hazikupita siku nyingi akarudi, safari hii na wifi yake pamoja.

"Shangazi, haya siyo yale," akaniambia. Kwa adabu, lakini uso wake ulikuwa umeshanihukumu.

Sikubishana. Niliwaomba wote wawili waweke mikono juu ya meza, nikampaka kila mmoja tone moja kwa kijiti kimoja, nikaagiza kahawa. Tukazungumza habari za harusi mpaka asumini ikaondoka. Kisha nikainama kunusa. Mkono wa wifi, yule mteja wa kwanza, ulikuwa na sandali kavu, safi, na waridi kwa mbali, kama alivyozoeleka. Mkono wa mlalamikaji ulikuwa na sandali ileile, lakini juu yake kulikaa utamu mzito wa sukari iliyoungua sufuriani.

"Unanyonyesha?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Ndiyo kwanza nimetoka arubaini."

"Na uwatu?"

Akacheka. "Kila asubuhi bakuli zima. Mama hataki kusikia neno."

Uwatu una kitu ambacho wanakemia hukiita sotoloni, chenye harufu ya sukari iliyoungua, na mtu akiula kwa wingi harufu hiyo hutoka naye katika jasho. Mafuta yangu hayakubadilika hata chembe. Yalikutana na mwanamke mzazi, wakatoa pamoja kitu cha tatu. Hata bila uwatu, ngozi haziwi sawa. Ngozi yenye mafuta yake hushika uturi kwa muda mrefu. Kavu huachia upesi, na mwenye nayo humtuhumu muuzaji kwamba amezimua. Ngozi yenye joto hurusha maua yote kwa mara moja. Jasho nalo likitoka halina harufu kubwa. Vijidudu wanaoishi juu ya ngozi ndio wanaolipa harufu, na kila mtu ana jamii yake ya vijidudu. Asumini ina kitu kiitwacho indoli, ambacho kikiwa kidogo hunukia ua na kikiwa kingi hunuka choo. Ndiyo maana watu wawili hunusa asumini moja, mmoja akafumba macho kwa raha, mwingine akasogea.

Jambo la ngozi ni hilo. Lililonikalia moyoni ni la dini: je, yule bibie alikuwa na haki ya kudai pesa zake?

Sisi wa mwambao wengi wetu ni Mashafii, na fikihi yetu ya biashara imewapa wanunuzi milango kadhaa ya kurudi nyuma. Wa kwanza ni khiyari ya kikao: maadamu muuzaji na mnunuzi hawajaachana, yeyote kati yao anaweza kuvunja mauzo bila ya kutoa sababu. Mlango huu ni mzuri kwa nguo na kwa mbuzi. Kwa uturi hausaidii, kwa sababu wakati wa kuachana bado yanazungumza maua, na mti haujafika. Mlango wa pili ni khiyari ya kasoro. Nao una sharti: kasoro iwe ilikuwamo kabla bidhaa haijaingia mkononi mwa mnunuzi. Chupa yangu haikuwa na kasoro. Kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyetia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni akakuta majimaji yaliyofichwa chini, akamkemea mwenye nazo, kila muuzaji anakijua na kila muuzaji anapaswa kukiogopa. Lakini chini ya mafuta yangu hakuna maji. Kilichomsikitisha mteja hakikuwa ndani ya chupa, kilizaliwa alipojipaka.

Hapo ndipo somo la utotoni linapoingia. Chuoni tulihifadhishwa sifa ishirini, na maalim wetu, kabla ya kufika kwenye sifa za Mwenyezi Mungu, alitufundisha kwanza namna viumbe vinavyobeba sifa zao. Kuna johari, yaani kitu kinachosimama chenyewe, na kuna aradhi, yaani sifa isiyoweza kusimama bila ya kitu cha kuibeba: rangi, joto, ladha, harufu. Wanazuoni wa Kiashari wakaongeza mambo mawili yaliyonishangaza nikiwa mtoto na yanayonifaa leo nikiwa na duka. La kwanza, aradhi haidumu nyakati mbili. Mungu huiumba upya kila wakati. La pili, aradhi haihami kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Wapinzani wao walitoa mfano wa tufaha: mbona harufu yake hufika kwenye kitu kilicho jirani? Wakajibiwa kwamba harufu ya tufaha haikuhama. Mungu ameumba harufu nyingine mfano wake katika yule jirani.

Najua mwanafunzi wa kemia atacheka. Chembe zinahama, na kuna mashine za kuzihesabu. Ni kweli. Lakini chembe bado si harufu. Linda Buck na Richard Axel walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2004 kwa kuonyesha jinsi pua inavyofanya kazi: mwanadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi, na ubongo husoma ni vipi vilivyoguswa. Vipokezi hivyo havifanani kwa watu wote. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba tofauti ndogo katika jeni moja tu huathiri jinsi mtu anavyoinusa androstenoni, kitu kinachopatikana katika jasho la binadamu. Wako wanaokisikia kama mkojo, wako wanaokisikia kitamu kama vanila, na wako wasiosikia lolote. Kwa hiyo chembe ileile, ikitoka kwenye ngozi ileile, inaingia puani kwa watu watatu na kuwa mambo matatu. Wanazuoni wale wa Kiashari hawakuwa na habari ya chembe wala jeni, lakini neno lao juu ya harufu linasimama: alichokipenda yule bibie kwa wifi yake hakikuwa na njia ya kuhamia kwake. Kingeweza kuumbwa mfano wake, au kisiumbwe.

Ningeweza kuishia hapo nikalala usingizi: nimeuza johari, aradhi haimo katika mkataba. Hata hadithi mashuhuri ya muuza miski ingeniunga mkono. Mtume alimfananisha rafiki mwema na muuza miski, ambaye atakupa, au utanunua kwake, au angalau utaondoka umepata harufu nzuri. Ukiitazama vizuri, kununua na kupata harufu ni mafungu mawili mbalimbali. Anayepata harufu hakulipa kitu.

Lakini kuna kisa kinachonibana. Umar bin Abdulaziz, khalifa wa Bani Umayya aliyetawala kuanzia mwaka 717 hadi 720, aliletewa miski ya hazina ya Waislamu, akaziba pua yake. Alipoulizwa, akasema kwamba miski haina manufaa mengine ila harufu yake. Ghazali anakitaja katika Ihya, kwenye mlango wa halali na haramu. Kama manufaa ya miski yote ni harufu, na khalifa akaona kuinusa tu ni kula mali ya umma, mimi nina uso gani wa kumwambia mteja kwamba nimemuuzia mafuta na harufu hainihusu? Hakuna anayetoa pesa zake kwa ajili ya kitu cha majimaji kinachoteleza. Akitaka kuteleza atanunua mafuta ya nazi kwa bei ndogo.

Baada ya kuyapima yote mawili, nimefika hapa. Mkataba ni wa mafuta, na mafuta ndiyo dhima yangu: yawe ndiyo niliyosema, yasizimuliwe, uzito utimie. Manufaa yake ni riziki inayopitia kwenye mwili wa mteja, mwili ambao mimi sikuuumba wala yeye hakuuchagua. Siwezi kuahidi riziki. Lakini kwa kuwa najua kwamba yeye analipia riziki hiyo, kunyamaza juu ya jambo ninalolijua kungekuwa aina ya hadaa hata kama chupa ni safi. Na mlango upo. Madhehebu yetu yanaruhusu khiyari ya sharti, wanunuzi na wauzaji wakikubaliana kwamba mauzo yanaweza kurudishwa, na Imamu Shafii aliiwekea mpaka wa siku tatu. Sijui biashara ambayo mpaka huo umeikaa vizuri kuliko hii yangu. Siku tatu zinatosha kwa maua kuondoka, mti kufika, mtu kutoka jasho, kula chakula chake cha kawaida na kulala na mafuta yake. Siku hizi nampaka mteja tone bila ya malipo na kumwambia aende sokoni kwanza. Akinunua, ana siku zake tatu. Yule bibie naye nilimrudishia pesa, ingawa sheria haikunilazimisha. Kumkubalia ndugu yako anayejuta kuvunja mauzo ni jambo lenye thawabu. Nikamwambia ajaribu tena atakapoacha uwatu.

Wifi yake, aliyekuwa amekaa kimya, akauliza swali lililo bora kuliko yote: "Na mimi, Shangazi, kwangu yananukiaje? Mbona mwenyewe sisikii?"

Hasikii kwa sababu pua huchoka. Harufu ikikaa nawe bila kubadilika, ubongo huacha kuihesabu, na baada ya muda mfupi mwenye uturi ndiye wa mwisho kujua. Wengi hapo hudhani umekwisha, wakajimiminia mwingine, mpaka aliye jirani akaumwa kichwa. Halafu harufu ya ngozi yetu wenyewe tumeizoea tangu kuzaliwa, kwa hiyo ule mchango wetu katika harufu ndio hasa tusiousikia. Mtu hujipaka kwa ajili ya nafsi yake, lakini anayelipata tunda ni aliyekaa karibu. Naona humo dawa ya kiburi na dawa ya husuda kwa pamoja: aliyesifiwa hajui anachosifiwa, na anayemhusudu anataka kitu ambacho mwenyewe hakionji.

Hata hivyo mwili si kipofu kabisa. Mwaka 2012 watafiti wa Prague waliwapa watu wanuse jasho la kwapa lililochanganyika na manukato. Mchanganyiko wa mtu na manukato aliyojichagulia ulipendeza zaidi kuliko mchanganyiko wake na manukato aliyopewa na watafiti, ingawa manukato yenyewe, yakinuswa peke yake, hayakupishana kwa uzuri. Yaani watu hujichagulia kinachopatana nao bila kuweza kusema kwa nini. Kwa hiyo mteja akiniambia "nipe anayopaka fulani", namtilia tone la hayo, kisha namsogezea chupa nyingine mbili tatu na kuuachia mkono wake uchague.

Wenzangu wengi sokoni hubandika kwenye chupa majina ya kuahidi, ya umalkia na usiku wa harusi. Siwalaumu, majina huuza. Kibandiko changu kinataja kilichomo na uzito wake, basi. Na mteja akiniuliza yatamnukiaje, namjibu akawaulize anaokaa nao nyumbani, kwa sababu mimi nina maslahi katika jawabu, na yeye pua yake itakuwa imeshachoka. Kesi hii ina wadai wawili, na wote wawili ushahidi wetu haukubaliki.