Jina la Mtoto Yule

Februari 1957, huko Fox Chase mjini Philadelphia, Marekani, maiti ya mtoto wa kiume ilikutwa ndani ya boksi. Alikuwa uchi, amefunikwa blanketi, mwili umejaa alama za kipigo. Picha yake ilisambazwa kote, hata ikatiwa pamoja na bili za gesi. Hakutokea aliyesema, "Huyu ni wetu."

Mwaka 2022 jina likapatikana: Joseph Augustus Zarelli, aliyezaliwa 1953. DNA ya mabaki yake ililinganishwa na ya watu waliopeleka mate yao kwa hiari yao, kama wafanyavyo wengi wenye hamu ya kujua asili ya koo zao. Kutoka kwa jamaa wa mbali wachunguzi wakaukwea mti wa ukoo, kisha wakashuka mpaka kwenye cheti cha kuzaliwa.

Hapo ndipo ninaposita. Atoaye mate yake hutoa pia siri za shangazi na binamu ambao hakuwauliza. Wazazi wa Joseph walikwisha kufa, lakini ndugu zake wengine wapo. Nani alikuwa na haki ya kuwapigia hodi kwa habari kama hiyo?

Nimelipima jambo hili, nami naegemea upande wa mtoto. Aliye hai aweza kulalamika, aweza hata kufunga mlango. Joseph hakuwa na mlango. Muuaji hajashtakiwa, na huenda naye ni marehemu. Ila Januari 2023, kaburini palipoandikwa kuwa ni mtoto asiyejulikana, lilichongwa jina lake.