Msiipasue Uani

Nabii Yeremia, katika sura ya sita, anasimulia habari ya mfua madini ambaye mifuo yake inavuma mpaka inaungua, risasi inateketea motoni, na mwisho wa jasho lote hakuna kilichosafishwa. Wapendwa wa Goma, nimekuja kuzungumza na mfua madini huyo. Kama unaishi Birere au Katoyi au Ndosho, na nyuma ya nyumba yako betri ya gari inapasuliwa kwa nyundo, asidi inamwagwa katika nyufa za mawe ya volkano ya Nyiragongo, na sahani zake zinayeyushwa juu ya makala huku watoto wamechuchumaa wakitazama, neno hili ni lako. Likikuchoma, usihame kiti.

Sikuja kuilaani betri. Nani kati yetu anaweza? Katika mji huu umeme haufiki kila mlango, na ukifika unakatika. Betri ndiyo inayomwangazia mkunga usiku, ndiyo inayochaji simu ya kijana wa barabarani, ndiyo inayofanya sauti yangu isikike mpaka nyuma kabisa. Betri nzima ni msaada. Ubaya wake umefungiwa ndani, na dhambi inaanza pale nyundo inapoanguka. Zakaria aliona uovu umetiwa kikapuni na mdomo wake ukafunikwa kwa risasi. Sisi tumegeuza maono: risasi ndiyo iliyofungwa, na sisi ndio tunaofungua.

Ndani mna nini? Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ile ni madini ya risasi. Sahani moja imebeba dioksidi ya risasi, yenye rangi ya kahawia. Mwenzake ni risasi tupu ya kijivu. Zote zimezama katika asidi ya salfuriki. Betri inapotoa umeme, sahani zote mbili zinageuka salfeti ya risasi, unga mweupe. Ukichaji, unga unarudi ulikotoka. Miaka ikipita unga unaganda, haurudi tena, nanyi mnasema betri imekufa. Ndiyo, imekufa kwa taa na kwa redio. Sumu yake haijapungua hata chembe!

Kuna fundi atakayeniambia kwamba unga ule hauyeyuki vizuri majini. Ni kweli, papa, na hilo ndilo linalonitisha. Mvua haiumalizi. Unabaki vumbini, unashika nyayo, unaingia chumbani bila kubisha hodi. Mtoto anatambaa, anatia mkono mdomoni, na asidi ya tumbo lake inafanya kazi iliyoishinda mvua. Na ukiyeyusha, moshi unaopanda una chembe za risasi usizoziona, zinazoshuka juu ya sombe ya jirani.

Mwili wa mtoto mdogo unaweza kunyonya risasi mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Mwili unaidhania kalisiamu, unaiweka akiba mifupani, na inakaa humo makumi ya miaka. Mama akipata mimba, mifupa yake inaitoa tena, nayo inapita kwa mtoto ambaye hajaona hata jua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Nayo haipigi kengele. Tumbo linasokota, choo kinakuwa kigumu, damu inapungua, mtoto aliyekuwa mwepesi masomoni anasahau na kugombana na kila mtu, ikizidi, degedege. Nanyi mnatafuta mchawi! Nawasihi, kabla hamjamwita mtoto mwenye pepo, ulizeni uani mnapasuliwa nini, kisha mpelekeni kwa daktari na mumwambie wazi habari za betri.

Mnataka ushuhuda? Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar, kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa. Wanawake walikuwa wakichekecha mchanga wa mahali palipopasuliwa betri kwa miaka mingi, wakitafuta chembe za kuuza kwa sababu bei ya risasi ilikuwa imepanda. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakitafuta chakula. Mombasa, katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitoa moshi wake juu ya majirani. Phyllis Omido aliajiriwa humo, na mtoto wake aliyekuwa ananyonya akapatikana na risasi mwilini. Alipaza sauti, akakamatwa, akaendelea kupaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Miaka ya rufaa ikafuata. Hakuna hakimu awezaye kuamuru akili ya mtoto irudishwe.

Najua njaa ya mji huu. Mwaka 2025 benki zilifunga milango, na mtu hauzi kile anachopenda, anauza alichonacho. Basi uza! Lakini uza betri nzima, imesimama wima, asidi ikiwa ndani, vichwa vyake vimefunikwa, mbali na unga na bidoni za maji ya kunywa. Isilale chumba kimoja na watoto. Ikimwagika juu ya ngozi, maji mengi, mara moja. Papa fundi, nguo za kazi zisiingie nyumbani, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Mama, vumbi la mahali hapo usilifagie kavu, lipanguse kwa kitambaa chenye maji. Na samaki wa sambaza mpeni mtoto wakiwa na mifupa yao, maana mwili uliokosa kalisiamu na chuma hunyonya risasi zaidi. Ila sambaza si dawa mkiendelea kuyeyusha.

Sasa tugeuke tujitazame sisi wenyewe. Kinanda hiki na spika hizi zimechosha betri ngapi? Kama betri hizo zimerundikwa katika chumba cha shule ya Jumapili, zitoke leo. Kama ziliuzwa, shemasi aliyeziuza asimame atuambie alimwuzia nani, na huyo mnunuzi anazisafirisha nzima au anazipasua. Atuambie mbele ya watu wote, kabla ya sadaka ya pili.