Si Ni Boti Moja Tu?

Kuna utetezi ambao sisi watu wa mjini tunaupenda sana: changu ni kidogo. Moshi wa gari langu ni kidogo, karatasi niliyotupa ni moja. Na kweli, ukiuondoa moshi wangu, hewa ya Nairobi itabaki vile ilivyo. Kwa hivyo nalala fofofo.

Sasa twende Naivasha wikendi. Viboko wamepigwa picha, jua linazama, na mwenye boti anaivuta kwa trela kurudi barabarani. Kwenye injini kumenasa kipande cha gugumaji. Kwani iko shida gani?

Gugumaji ni mgeni. Asili yake ni Amerika Kusini, na watu walilisambaza duniani kwa kupenda ua lake la zambarau. Naivasha lilionekana 1988. Kipande cha shina kinatosha kuanza upya, na penye joto na rutuba linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Waulize wavuvi wa Kisumu: kuna asubuhi boti haitoki ufuoni.

Hapo ndipo utetezi wetu unazama. Moshi wangu huchanganyika na wa wengine, ukapotea kwenye hesabu. Kipande hiki hakipotei, kinazaa. Kidogo changu kinaweza kuwa ziwa zima.

Utasema, lakini mto Kagera ulibeba gugumaji jingi hadi Ziwa Victoria bila msaada wa watalii. Sawa. Ila mto hushuka tu, haupandi mlima. Tena Naivasha haina mto unaotoka. Boti iliyo juu ya trela ndiyo inayoweza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa na kushukia bwawa lingine.

Utasema tena, nani atajua ni mimi? Hakuna. Lakini kutojulikana kunaondoa aibu tu, hakuondoi wajibu. Mvuvi ambaye wavu wake utakwama hatajua amlaumu nani, na njaa yake haitapungua kwa hilo.

Tulilelewa kubisha hodi tukifika kwa watu. Ziwa halina mlango, kwa hivyo adabu yake huanzia pale unapotoka: toa majani yote, mwaga maji yaliyotuama ndani, acha boti ikauke kabisa kabla iguse maji mengine. Na kama wewe ni abiria tu, bado una mdomo. Uliza: “Boss, hii boti umeiosha?”