Fundi Asiye na Kazi

Wako wasemao ya kwamba kijiji kidogo kilicho mbali hakistahili kugharimiwa: watu wake ni wachache na njia yake ni ndefu, afadhali vijana wahamie mjini. Sisi hatukubali. Mkulima wa huko hulipa kodi katika bei ya sabuni anunuayo, sawasawa na mtu wa mjini. Umbali haukumwondolea wajibu. Basi usimwondolee haki.

Serikali ya Tanzania imefanya mengi, nayo yastahili sifa. Mwaka 1975 ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano wa vyuo vya Sweden, ili watu wa vijijini wajifunze useremala, uashi, ushonaji na kilimo. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, kuwakopesha bila riba wanawake, vijana na wenye ulemavu.

Lakini ujuzi usio na kazi ni jembe lisilo na shamba, na mkopo usio na mnunuzi ni mzigo. Kijana akirudi kwao na useremala wake, kisha madawati ya shule ya kijiji yakaja kwa lori kutoka mjini, tumemfundisha nini ila kuondoka?

Twasema, basi, ya kwamba amfundishaye fundi ana deni la kumpa kazi ya kwanza. Madawati, milango na sare za shule vitengenezwe pale pale vinapohitajiwa. Hiyo si sadaka, ni haki.