Mgao wa Kila Siku

Ukisoma sura ya 6 ya Matendo ya Mitume haraka haraka, utadhani ni habari ya mashemasi. Kwanza ni habari ya chakula. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na mgao wa kila siku kwa wajane, na wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakirukwa. Manung'uniko yakafika mbele. Mitume hawakuwaambia wazidishe maombi. Waliita waumini wote, wakachaguliwa watu saba kusimamia mgao. Yatazame majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Yaelekea upawa ulikabidhiwa upande uliokuwa ukilala njaa.

Sura hiyo inanijia kila ninaposikia habari za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa wazee na wahitaji wengine. Tangu 2018, Mkenya aliyetimiza miaka 70 na asiye na pensheni nyingine anastahili shilingi 2,000 kwa mwezi, awe amewahi kuchangia au la. Na angechangia wapi? Aliyelima mahindi ya nyumbani maisha yake yote hakuwa na mwajiri wa kumkatia mchango wa NSSF, mfuko wa pensheni.

Pesa hizo mjini ni za kupita tu. Huku kwetu zinaanzia dukani, kwenye daftari la madeni ya unga, zinafika kwa dawa za presha, na zinazobaki zinaishia kwenye kalamu na viatu vya mjukuu. Siku ya malipo, nyanya aliyekuwa akikopa kwa kunong'ona husimama pale kaunta na kusema kwa sauti, "Nipimie sukari kilo nzima." Umaskini wa uzeeni una aibu ndani yake, nayo hupungua kidogo siku hiyo. Huko Afrika Kusini, mchumi Esther Duflo aligundua kwamba bibi akipata pensheni, wajukuu wa kike anaoishi nao hunawiri. Akiipata babu, tofauti hiyo haikuonekana. (Akina babu mnaosoma hapa, hayo nawaachia.)

Basi mzee akirukwa, si yeye peke yake anayekosa. Na sababu zenyewe ni ndogo ndogo. Wengi walizaliwa nyumbani bila cheti, na siku ya kuchukua kitambulisho mwaka wa kuzaliwa ulikadiriwa tu. Karani akipunguza miaka minne, mzee atangoja minne. Mwingine kidole gumba kimesuguliwa na mpini wa jembe mpaka alama zimefutika. Anapanguswa kwa kitambaa, anabonyeza, mashine inakataa, anapanguswa tena, huku waliokuja nyuma yake wakianza kuguna. Malipo nayo yakichelewa, lile daftari halingoji.

Kwa hiyo naomba kila jumuiya ichague watu wawili wa kujua nani ametimiza 70 na hajaandikishwa, nani hana kitambulisho, nani anahitaji pikipiki ya kumfikisha kwa chifu. Mmoja wao awe mtu aliyewahi kurukwa. Anajua foleni ilivyo.

Sasa ninyi watoto mlio Nairobi na Mombasa. Nasikia siku hizi mama akipiga simu anajibiwa, "Si mnapata za serikali?" Katika Marko 7 Yesu aliwakemea Mafarisayo na waandishi kwa kumruhusu mtu aseme mali yake ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, asiwasaidie wazazi. Kisingizio kilikuwa kitakatifu kabisa. Chetu hakina hata utakatifu huo. Shilingi 2,000 ukizigawa kwa siku 30 ni kama 67 kwa siku, na serikali ilipoamua kumpa mama yako hizo haikukuondoa wewe kwenye hesabu. Mpigie leo, umwulize kama za mwezi uliopita ziliingia, na deni la dukani limefika ngapi.