Dhana Mbaya Chini ya Mnazi

 

Ndugu zetu Waislamu, twaona katika mashamba yetu ya pwani jambo la kusikitisha. Mnazi hutoa upunga mzuri, kisha vidaka vikaanguka kabla ya kufika kuwa madafu. Mwenye shamba hatazami juu ya mnazi. Hutazama kwa jirani. Husema, "Nimehusudiwa." Kisha huenda kwa mganga, akatoa fedha ambazo ni haki ya watoto wake, akaja kufunga hirizi shinani. Vidaka huzidi kuanguka, na ujirani ukaanguka pamoja navyo.

Je, jirani ana kosa gani? Mwenye kosa ni mdudu wa rangi ya hudhurungi, jamaa ya kunguni. Hukichoma kidaka kichanga kwa mdomo wake ulio mfano wa sindano, akafyonza, na mate yake yakawa sumu. Kidaka huanguka, au kikakua kikiwa na makovu. Wadudu wachache tu waweza kupunguza sana mazao ya shamba. Katika miaka ya 1950 mtaalamu aitwaye M. J. Way aliyachunguza haya Unguja, na mwaka 1955 mdudu huyo akapewa jina la kitaalamu linalomkumbuka yeye.

Wala Mola hakumwacha mdudu huyu bila ya mpinzani. Mpinzani wake ni maji moto, wale chungu washonao majani kwa nyuzi zitokazo kwa watoto wao, ambao wakwezi wawachukia kwa kuuma kwao. Huuzunguka mnazi mchana kutwa, na mdudu akitua humkamata au humfukuza. Wachina wa kusini wamewaweka jamaa za chungu hawa katika michungwa yao kwa zaidi ya miaka elfu.

Lakini maji moto nao wana adui: chungu wadogo wa kahawia wakaao ardhini, wenye askari wa vichwa vikubwa, ambao huwatoa minazini. Na adui wa pili ni sisi. Twachoma viota vyao, twapuliza sumu isiyobagua, ikamwua mlinzi pamoja na mwizi.

Mwenyezi Mungu ametutajia mizani katika Sura ya Ar-Rahman, akatukataza kuipindukia. Na Sura nzima katika Qur'ani imeitwa kwa jina la chungu. Vipi basi tumdharau kiumbe huyu? Hatusemi kuwa husuda haipo. Ipo, na kinga yake ni dua na kumtegemea Mola, si hirizi. Lakini kumtuhumu mtu bila ya dalili ni ile dhana tuliyokatazwa katika Sura ya Al-Hujurat.

Basi kidaka kikianguka, kiokote ukitazame. Ukiona kovu na utomvu, umekwisha kumjua mwizi wako. Waache maji moto, na panda michungwa au miembe kati ya minazi ili wapate makao. Kisha mwendee jirani uliyemnunia, umtake radhi kabla ya siku ambayo hapatakuwa na radhi ya kuombwa.